Spoku ya nyuma imekatika tena: nibadilishe moja au zote?

Mpanda_Daily: Wakuu, naombeni ushauri. Baiskeli ya kwendea kazini, gurudumu la nyuma inchi 26, spoku 36, friwili ya gia 6. Spoku imekatika upande wa cheni, palepale kwenye kona karibu na kichwa. Ni ya pili upande huohuo. Ringi linacheza, linagusa breki. Naweza kumalizia wiki hivihivi?

spana_mkononi: Nyumbani utafika, wiki usimalize. Spoku za jirani sasa zinabeba mzigo wa iliyokatika, nazo zitafuata. Kipande kilichobaki kitoe, au kizungushie spoku ya jirani kisiingie kwenye cheni. Hapo ringi limevutwa kushoto. Legeza nusu mzunguko zile spoku mbili za kushoto zinazopakana na pengo, litaachana na breki. Mzigo wa keria shusha.

Fundi_Ringi: Dukani nenda na spoku nzima ya upande uleule wa cheni, maana za kulia mara nyingi ni fupi kwa milimita moja au mbili. Urefu unapimwa kutoka ndani ya kona hadi mwisho wa nyuzi, yaani mikato ya skrubu kwenye ncha. Ikizidi, ncha inatokeza juu ya nati inayoishika spoku kwenye ringi na kutoboa tyubu. Ikipungua, nati inashika nyuzi chache, itachomoka.

Friwili lazima itoke, na ina kifaa chake cha kufungulia. Kujua spoku mpya ipite wapi, hesabu nne kwenye ringi: ile ya nne imepita vilevile, kichwa upande uleule na kupishana kulekule. Nyuzi zipake mafuta kidogo, kisha kaza robo mzunguko kwa robo.

Mpanda_Daily: Asante sana mkuu. Nati nazungusha kuelekea wapi?

Fundi_Ringi: Ukiitazama kutoka upande wa tairi, kama mshale wa saa.

spana_mkononi: Halafu usiache chanzo. Kukatika kwenye kona ni chuma kuchoka: spoku iliyolegea inavutika na kuachia kila gurudumu linapozunguka. Zigonge kama nyuzi za gitaa, za kulia zote ziwe na mlio unaokaribiana. Za kushoto zitalia chini zaidi, ziache hivyo. Ukizilazimisha zifanane ringi litatoka katikati. Ikikatika ya tatu, badilisha zote 18 za kulia.

Fundi_Ringi: Na ukishanyoosha, bana spoku mbilimbili kwa mkono gurudumu zima zikae, ndipo ulikague ringi tena.