Maka peni tatu: wino unapenya karatasi

Uyole: Wadau, zile video za kumchora Sonic (yule katuni wa bluu mwenye miiba) kwa maka peni tatu zilizochaguliwa ukiwa umefumba macho ni tamu sana. Lakini wino unapenya daftari na mistari inachafuka. Kosa liko wapi?

Mwanjelwa: Daftari ni jembamba, ndugu. Kata manila vipande vinne, chini weka kadibodi. Chora duara la kichwa kwa penseli HB bila kukandamiza, kisha miiba. Rangi nyepesi itangulie. Ukianza na nyeusi, ncha ya njano inazoa wino mweusi na kuharibika. Inauma!

Mafinga: Naongezea: baridi ya Juni huku inachelewesha wino kukauka. Subiri dakika 5 kabla ya mistari ya nje. Kasi ya video weka 0.5. Bluu isipokuwemo kwenye zile tatu, usibadilishe: Sonic wa kijani ndiyo utamu wenyewe.

Uyole: Asanteni sana, kesho natafuta manila.