Tupeane uzoefu: Siku gari la zamani lilipokugomea, na ugonjwa wenyewe ulikuwa nini

Mtoto wa Mwenye 504
Wakuu, za Jumapili. Jana jirani kaleta fundi kumfufulia Land Rover yake. Mimi nimelala, nasikia stata inajikongoja, nyiu, nyiu, nyiu, betri imechoka, halafu harufu ya petroli ikaingia dirishani. Aisee, nikarudi mlima Kitonga papo hapo.

Ni 1988, nina miaka kumi na moja. Mzee ana Peugeot 504 nyeupe, tunatoka Dar kwenda Makambako: mama, dada zangu wawili, mimi na madumu. Asubuhi ile kazi yangu ilikuwa moja tu, kuangalia maji ya rejeta. Niliangalia. Tambarare yote ya Mikumi gari linateleza, mshale wa joto umelala. Tukaanza kuipanda Kitonga nyuma ya lori la mbao, gia ya pili, mwendo wa konokono, mshale nao ukaanza kuinuka taratibu. Kona ya tatu ni mvuke mtupu. Mzee akashuka, akavua shati, akalizungushia mkononi, akashika kifuniko cha rejeta. Mama alipiga kelele "Baba Neema, acha!" lakini mkono ulishageuza. Maji yalimchuna kuanzia kiwiko mpaka vidole. Tukammwagia maji yote ya kunywa. Alipotulia kidogo akanitazama: "Wewe uliangalia maji?"

Baada ya hapo ni mafundi. Wa kwanza akang'oa themostati, eti nchi ya joto haihitaji. Wa pili akazibua na kuchomelea rejeta. Wa tatu akabadili gasketi ya hedi, na hedi ikapelekwa kukerezwa. Kila likitoka gereji, kwenye tambarare zima, ukilipeleka mlimani linachemsha. 1991 mzee akalipandisha juu ya mawe na liko pale mpaka leo, kuku wanatagia siti ya nyuma. Mzee hatunaye tena. Nataka nilifufue, ila kabla sijaanza kuliwa hela, hebu tupeane uzoefu. La kwako lilikugomea wapi, na ugonjwa ulikuwa nini hasa?

Chumvi Nyingi
Baba yangu ana kovu hilohilo mkono wa kulia. Nadhani walikuwa wanagawiwa pamoja na kadi ya gari.

Mgosi wa Korogwe
Umenikumbusha mbali. Datsun 1200 ya mjomba, tunatoka Dar na jua la saa saba. Kabla ya Segera ikakohoa mara mbili, ikazima. Ukisubiri nusu saa inawaka, unakwenda kilomita kumi, inazima tena. Fundi wa pale akasema betri. Tukanunua betri. Ikazima na betri mpya.

Akaja utingo mmoja wa lori, mzee wa makamo, hakugusa hata spana. Akashika pampu ya mafuta pale ubavuni mwa injini, akaondoa mkono haraka, akasema "petroli inachemkia humu ndani, inageuka mvuke, pampu inavuta hewa." Akamwomba mama khanga. Mama akatoa mpya ya doti, anaifungua roho inamuuma. Ikaloweshwa, ikazungushiwa pampu. Tulifika Korogwe bila kuzima, tunasimama tu kuimwagia maji. Khanga ilitoka na ramani ya oli ambayo haikutoka mpaka kesho.

Spana Kumi na Mbili
Nimekuwa gereji ya Land Rover miaka ishirini na kitu, nawaambieni: nusu ya magonjwa ya kabureta yapo kwenye platina, vile vidude viwili vinavyogusana na kuachana ndani ya distributa, kigawa umeme wa plagi.

Land Rover 109 ya petroli ililetwa kwangu imeshafunguliwa kabureta mara tano. Ikiwa ya baridi inakwenda vizuri, ikipata moto inamisi, inapiga mabomu kwenye silensa, inakosa nguvu. Kila fundi anafungua kabureta, anapuliza jeti, anafunga, anachukua chake. Mimi nikafungua kofia ya distributa, nikageuza injini nikitazama platina. Cheche kubwa ya njano inaruka pale zinapoachana, na uso umeungua, upande mmoja kishimo, upande wa pili kichuguu. Hiyo ni kondensa, kile kinachomeza cheche pale kwenye platina, imekufa. Kidude kidogo kama kidole gumba cha mtoto. Nikaweka kondensa nyingine na platina mpya, uwazi inchi 0.015, basi. Mwenye gari akagoma kunilipa kwa sababu nilitumia dakika arobaini tu.

Ngosha_109
Fundi, uwazi unapima na nini? Wangu alikuwa anatumia karatasi ya boksi la kiberiti 😂

Spana Kumi na Mbili
Njiani hata boksi la kiberiti linakufikisha. Gereji tumia geji.

Baba Kelvin
Kwa nini mnateseka na platina karne hii? Weka mfumo wa kielektroniki, usahau.

Spana Kumi na Mbili
Ukisahau, siku mfumo huo ukikufia porini Rungwa utakumbuka. Platina ikiharibika unaisugua na msasa unaenda. Hilo dude lako likifa utalisugua na nini?

Baba Kelvin
Ndiyo maana mafundi wetu hawaendelei.

Spana Kumi na Mbili
Wewe lako ni gari gani kwanza?

Baba Kelvin
Toyota IST.

Ngosha_109
😂😂😂😂

Mzee wa Safari Reli
Mtoa mada, hongera kutunza 504. Hilo gari lilichukua ushindi wa mashindano ya magari ya Safari Reli 1975 na 1978, na kabla yake 404 ilibeba 1963, 1966, 1967 na 1968. Lilijengwa kwa barabara zetu.

Nissan Damu
Mzee, malizia hesabu. Datsun na dereva Shekhar Mehta, 1979, 80, 81, 82. Miaka minne mfululizo. Peugeot zilikuwa wapi?

Chumvi Nyingi
Kitonga, zinachemsha.

Dereva wa Bibi Harusi
Nilikuwa nimejiapiza kutosimulia hili, lakini mmenichokoza.

Nina Volkswagen mgongo wa kobe, niseme nilikuwa nayo. Moshi hapa, rafiki yangu anaoa, akaniomba nimbebee bibi harusi kwa sababu gari inapendeza kwenye picha. Siku mbili kabla, nikaipeleka kwa fundi kwa sababu ilikuwa inanuka petroli. Akabadili mpira unaotoka kwenye pampu kwenda kabureta. Hakuufunga klipu. Tena niliuona, nikasema atakuwa anajua.

Jumamosi tunatoka saluni, bibi harusi na msimamizi wake nyuma, mjomba mtu mzima mbele. Tumefika kipilefti, mwenye bodaboda ananipungia mikono. Nikampungia. Nikadhani anatupongeza. Kwenye kioo naona moshi mweusi. Kumbe mpira umechomoka, petroli inadondokea distributa.

Sasa zingatieni: gari ile ni milango miwili. Wa nyuma hatoki mpaka wa mbele atoke na siti ikunjwe. Mjomba ana kilo mia na ushee, na mkanda umemkaba. Mimi nikatoka upande wangu, nikakunja siti, nikamvuta bibi harusi kwa mkono, shela likanasa kwenye gia. Msimamizi akalichana kwa meno. Kwa meno, wakuu! Wote wakatoka salama, na mjomba wa mwisho, anamtukana kila mtu kwa jina.

Kijana mmoja akaja mbio na ndoo ya maji toka sehemu ya kuoshea magari. Moto ulikuwa umeshakolea. Alipomwaga, ulilipuka mweupe, mwanga kama wa mtu anayechomelea vyuma, ikawa haitazamiki. Mzee mmoja muuza tofali anapiga kelele "Mchanga! Leteni mchanga!" Nilikuja kujua baadaye kwamba bloku ya injini zile ni magineziamu, ikishika moto maji yanauchochea. Tukaumwagia mchanga mpaka ukafa. Ilibaki bodi na namba ya mbele. Bibi harusi alipakiwa bajaji.

Mama wa Mbege
Harusi ilifungwa??

Ngosha_109
Jibu swali la mama hapo.

Chumvi Nyingi
Meno ya msimamizi ndiyo ninayoyataka. Ameolewa?

Nissan Damu
Maji kwenye moto wa petroli siku zote ni kosa, hata isingekuwa magineziamu. Petroli inaelea juu ya maji, unausambaza.

Baba Kelvin
Si kweli, mimi nimewahi kuzima kwa maji.

Nissan Damu
Kwenye IST?

Mama wa Mbege
Jamani acheni ugomvi, mtu aseme kama harusi ilifungwa.

Mgosi wa Korogwe
Na mwenye kobe mwingine humu asikie: hiyo injini haina rejeta, inapozwa na upepo wa feni. Taa nyekundu ya chaji ikiwaka ghafla njiani, usiseme "dainamo tu, nitafika". Beliti inayozungusha dainamo ndiyo hiyohiyo inayozungusha feni. Simama hapohapo. Mimi nilikwenda kilomita nne, nikanunua injini.

Kuku wa Kienyeji
Rejeta ikivuja vunja yai bichi humo, litaganda kwenye tundu.

Spana Kumi na Mbili
Usifanye. Linaganda na kwenye mirija mizima pia. Sabuni ya mche kwenye tangi la mafuta linalovuja, hapo sawa.

Kuku wa Kienyeji
Mimi yai lilinifikisha Singida.

Bibi wa Pejo
Mtoa mada, wamekupeleka harusini, rudi huku. Marehemu mume wangu aliendesha 404 na 504 za kubeba abiria, na mimi ndiye niliyekuwa nashika tochi. Nikuulize mwanangu: siku ile Kitonga, mzee alipofungua boneti injini bado inaunguruma, feni ilikuwa inazungukaje?

Mtoto wa Mwenye 504
Shikamoo mama. Hilo nalikumbuka vizuri ajabu. Ilikuwa inazunguka kivivu, panga unazihesabu. Nilidhani ndivyo zilivyo.

Bibi wa Pejo
Marahaba. Sivyo zilivyo. Feni ya gari hiyo inashikwa na sumaku ya umeme. Injini ikiwa na joto la kawaida feni inaachiwa, likipanda, swichi ya joto inapeleka umeme, sumaku inanasa, feni inazunguka na puli. Umeme unaingia kwa kaboni moja ndogo inayosugua nyuma ya puli. Ikiisha, feni hainasi. Tambarareni upepo wa mwendo unapoza, hujui kitu. Mlimani nyuma ya lori upepo hakuna. Injini ikiwa imezimwa, ipe kaboni umeme wa betri moja kwa moja. Usiposikia "tak", ugonjwa ni huo. Mume wangu njiani alikuwa anakaza zile boliti tatu za mbele mpaka feni inafungana na puli moja kwa moja, anapanda mlima.

Spana Kumi na Mbili
Mama shikamoo. Nimenyamaza.

Mtoto wa Mwenye 504
Nimefukuza kuku, nimefungua. Kaboni imebaki kama punje ya mchele, haigusi kitu. Mafundi watatu, na hedi ikakerezwa bure.

Na maji niliangalia.

Bibi wa Pejo
Uliangalia, baba. Sasa chukua kaboni ya dainamo iliyo kubwa kidogo, isugue kwenye msasa taratibu mpaka iteleze yenyewe kwenye nyumba yake. Usiilazimishe.

Mama wa Mbege
Dereva wa Bibi Harusi, nakuona uko hewani.