Picha za maisha ya kawaida Pyongyang
Swali: Wakuu, mgeni akiwa Korea Kaskazini anapataje picha za raia wa kawaida, si minara tu?

Jibu: Anzia metro, treni ya chini ya ardhi. Stesheni ziko chini sana na mwanga ni hafifu: weka ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) 1600, spidi ya shata isishuke 1/125 ya sekunde, la sivyo abiria wanatoka ukungu. Sogea kwa wanaosoma gazeti lililobandikwa kwenye fremu pale jukwaani, wakiwa na beji za viongozi wa nchi kifuani kushoto.

Jibu: Muulize kwanza mwongozaji wa watalii anayefuatana nawe. Wanajeshi na vizuizi vya barabarani usipige picha kabisa. Sanamu za viongozi Kim Il Sung na Kim Jong Il pale kilima cha Mansudae zipige nzima. Ukikata hata miguu, utaambiwa ufute.

Jibu: Treni ikifika Sinuiju, mji wa mpakani na China, kamera huweza kukaguliwa. Picha mbaya humponza mwongozaji kuliko wewe, tafadhali mfikirie.