Baiskeli ya kutwa nzima Mtwara mjini: mti, mlinzi au bomba la kuzikwa?

Msafiri wa Mikindani:
Habari za jioni ndugu zangu. Kila asubuhi natoka Mikindani kwa baiskeli, kama kilomita 10 hivi, na naiacha mjini mpaka jioni. Mwezi uliopita niliifunga kwenye mti karibu na soko kwa ule waya wenye kufuli. Niliporudi, waya umekatwa, baiskeli hakuna. Ndiyo iliyokuwa ikinipelekea watoto shule. Sasa naendesha ya shemeji na moyo hautulii. Bora lipi: nimlipe mlinzi, nimwachie mtu mwenye biashara, au nichomelee chuma mbele ya kibanda changu?

Fundi Baiskeli Chikongola:
Pole sana kaka. Waya ule hauchukui hata dakika kwa mkasi wa chuma. Na kufuli la pete kwenye gurudumu la nyuma linazuia mtu kupanda, halizuii kubeba. Ikipakiwa kwenye bajaji imekwenda. Tafuta kufuli la chuma lenye umbo la U. Lipitishe kwenye fremu pamoja na gurudumu, ulifungie kwenye kitu kilichozikwa ardhini. Ndani ya U kusibaki nafasi kubwa, maana humo ndimo mwizi anapoingiza mtaimbo. Tundu la ufunguo litazame chini, mvua isiingie. Halafu sisi wa pwani tusisahau oili: chumvi ya bahari inagandisha kufuli mpaka ulivunje mwenyewe.

Mama Lishe wa Stendi:
Mimi watu huniachia baiskeli pembeni ya jiko. Kwa nusu saa sawa. Lakini mchana wateja wakijaa macho yote yako kwenye sahani, siwezi kukuambia nalinda. Kwa kutwa nzima usinitegemee mwanangu.

Binti wa Lindi:
Mlinzi wa kulipwa ni mzuri akitoa kipande chenye namba. Mimi nilimwachia wa asubuhi, jioni nikamkuta mwingine asiyenijua, na baiskeli kishampa mtu mwingine. Polisi wakaniuliza namba ya fremu, sikuwa nayo. Jamani, ipindueni leo muitazame chini, pale pedeli zinapoungana, muiandike.

Mwanachuo Shangani:
Utrecht, Uholanzi, wana maegesho ya baiskeli 12,500 chini ya stesheni ya treni, na saa 24 za kwanza ni bure. Sisi tungeanza na mabomba kumi tu ya chuma ya kufungia baiskeli, sokoni na Hospitali ya Ligula, mahali penye taa na watu wanaopita. Mtu anayelaza mgonjwa asiwe anachungulia dirishani kila saa.

Fundi Baiskeli Chikongola:
Naunga mkono. Ila yasiwe yale ya kuchomeka gurudumu la mbele: rimu inapinda, na mwizi akifungua nati anakuachia gurudumu, anaondoka na baiskeli. Bomba lililopindwa kama U iliyogeuzwa linaegemewa na baiskeli mbili, moja kila upande.

Msafiri wa Mikindani:
Basi bomba. Mlinzi nitamrudia siku za kwenda mbali na kibanda. Fundi, ninunue urefu gani?

Fundi Baiskeli Chikongola:
Zima la mita 6 linatoa mawili. Kila mguu uingie ardhini sentimita 30 na zege, kimo juu sentimita 75. Acha mita moja kati yake, mipini isigongane. Zege likae siku kadhaa kabla hujafunga kitu.

Msafiri wa Mikindani:
Asante. La pili nitamwekea jirani muuza korosho, naye anakuja kwa baiskeli.