Maski mkubwa ni yupi hasa: wa inchi 44, wa inchi 50, au wa pauni 30?

Mgeni wa Maski

Ndugu wavuvi, nawasalimu. Ninaishi kaskazini mwa jimbo la Wisconsin, Marekani, na nimekuwa nikimtafuta maski, yaani yule samaki mwindaji wa maji baridi wa Amerika Kaskazini ambaye jina lake kamili ni maskelanji, kwa misimu mitatu bila kumpata. Hatimaye mwezi Septemba nilimpata mmoja jioni, akiwa amenifuata hadi ubavuni mwa boti na kukishika chambo wakati nikikizungusha majini kwa umbo la namba nane. Nilimpima kwa utepe, akatoka inchi 44. Mizani sikuwa nayo, lakini kwa jinsi mkono ulivyochoka nilikadiria pauni 30 (kama kilo 14), kisha nikamrudisha ziwani akiwa na nguvu zake.

Nilipofika gatini na kuonyesha picha, mzee mmoja aliyekuwa akipakia boti yake alinipa mkono na kuniambia kuwa huyo ni samaki mzuri. Nikamuuliza kama ni mkubwa, akatabasamu na kurudia neno lilelile, "mzuri". Mwenzake aliongeza kwamba nikifikisha 50 nimpigie simu. Sikukasirika, lakini nilirudi nyumbani na swali. Samaki wa zaidi ya mita moja, mwenye meno kama yale, asiitwe mkubwa kwa nini? Ni nani aliyeweka hiyo 50, na uzito una nafasi gani katika hesabu hii?

Kasia Kuukuu

Hongera sana, ndugu Mgeni. Maski wa kwanza hasahauliki, na wanaomwita samaki wa kutupa ndoana mara elfu kumi hawakutia chumvi sana.

Nianze na uzito, kwa sababu hapo ndipo wengi tunapojidanganya. Maski ni samaki mrefu kama gogo, na urefu wake humfanya aonekane mzito kuliko alivyo. Wavuvi hutumia kanuni moja ya makadirio: chukua mzunguko wa tumbo kwa inchi, uuzidishe kwa wenyewe, zidisha tena kwa urefu, kisha gawanya kwa 800, na jibu linakuja kwa pauni. Samaki wa inchi 44 mwenye mzunguko wa inchi 18 anatoa pauni 18 pungufu kidogo, na akiwa na mzunguko wa inchi 20 anafika pauni 22. Ili wako afike pauni 30 ingebidi mzunguko wake uzidi inchi 23, na samaki wa aina hiyo ungemkumbuka kwa tumbo lake kabla ya kukumbuka meno yake.

Kanuni yenyewe pia huongeza. Mwezi Novemba 2021, Nolan Sprengeler alivua katika ziwa Mille Lacs, Minnesota, maski wa inchi 57.75 mwenye mzunguko wa inchi 29. Piga hesabu utapata pauni 60 na ushee, ilhali mizani ilisoma pauni 55 na aunsi 14.8 (aunsi 16 ni pauni moja). Hiyo ndiyo iliyokuwa rekodi mpya ya jimbo, ikiipiku ya pauni 54 iliyokuwa imesimama tangu 1957. Mizani ilihusika kwa sababu ya kusikitisha tu: walijaribu kumrudisha majini kwa muda mrefu, samaki akashindwa kupata nguvu.

Ndiyo maana siku hizi tunahesabu inchi. Karibu kila maski anayevuliwa hurudishwa, na kumning'iniza kwa taya ili apimwe uzito kunaweza kumwumiza viungo vya ndani na uti wa mgongo. Urefu unaupata kwa sekunde chache, naye anarudi majini.

Kuhusu 50, sijui kama kuna mtu aliyeiweka. Ni namba rahisi kukumbuka, sawa na sentimita 127, na imetokea kuwa karibu na mahali ambapo samaki huanza kuwa adimu kweli. Kwa lugha ya hapa kwetu, wa chini ya inchi 40 ni maski tu, wa 40 na kitu ni mzuri, wa 45 hukufanya umpigie simu ndugu yako, na wa 50 unaikumbuka tarehe yake. Mzee wa gatini hakukudharau, alikuwa akitumia neno lake kwa usahihi.

Mwana wa Mille Lacs

Namheshimu Mzee Kasia, lakini ngazi hiyo moja kwa maji yote siikubali. Ukubwa wa maski hauna maana mpaka useme ametoka wapi na ni jike au dume.

Madume ni wachache sana wanaovuka inchi 45 au karibu na hapo, hata wakiishi hadi uzeeni. Kwa hiyo karibu wote wanaozungumziwa katika habari za inchi 50 ni majike, na jike mwenyewe huhitaji kwa kawaida miaka kama 15 au zaidi kufika huko. Ikiwa samaki wa ndugu Mgeni alikuwa dume, basi alikuwa karibu na kilele cha jinsia yake, na ngazi ya Mzee Kasia ingempa cheo kilekile inachompa jike kijana ambaye bado ana miaka kumi ya kukua. Hiyo ni haki?

Halafu kuna maji yenyewe. Mille Lacs ni ziwa kubwa lenye maski wachache na chakula kingi chenye mafuta. Mtu anaweza kukaa majini wiki nzima asiguswe, lakini anayemgusa huenda akawa na urefu wa kumfanya atetemeke. Huko inchi 44 haikufanyi usimamishe boti ya jirani. Katika ziwa dogo la msituni lenye maski wengi wanaogombea chakula kidogo, inchi 44 inaweza kuwa ndiyo samaki wa mwaka kwa kila anayevua humo. Ziwa St. Clair, lililo kati ya Michigan na Ontario, nalo ni jambo jingine: maski ni wengi kiasi kwamba mtu anaweza kuwapata kadhaa kwa siku, wengi wao wa inchi 40 hivi, na hakuna anayepiga kelele.

Hata sheria zinaonyesha tofauti hii. Wisconsin kiwango cha kawaida cha chini kwa anayetaka kuondoka na samaki ni inchi 40, ingawa baadhi ya maji yana kiwango cha juu zaidi. Minnesota ni inchi 54 tangu 2015. Kwa hiyo samaki wa inchi 50, ambaye upande mmoja wa mpaka angeruhusiwa kuchukuliwa katika maziwa mengi, upande wa pili ni mdogo kisheria! Bila shaka waliotunga sheria hawakuwa wakibishana nasi juu ya neno "mkubwa". Walitaka jike azae mara nyingi kabla ya mtu kumchukua, nami nawaunga mkono.

Mzee Ndoana

Vijana mmejibu vizuri, ila mmeacha sababu ya pili ya kutoamini pauni, nayo ni historia.

Mwaka 1949 peke yake ulitoa madai mawili ambayo hadi leo yanagawanya watu, yote karibu na mji wa Hayward, huko huko Wisconsin. Julai, Cal Johnson alileta samaki wa pauni 67 na aunsi 8 kutoka Lac Courte Oreilles. Oktoba, Louis Spray akaleta wa pauni 69 na aunsi 11 kutoka Chippewa Flowage. Shirikisho la kimataifa la wavuvi wa michezo, IGFA, linamtambua Johnson. Jumba la heshima la uvuvi wa maji baridi, ambalo liko Hayward penyewe, linamtambua Spray. Mwaka 2006 jumba hilo lilishikilia uamuzi wake baada ya kikundi cha wavuvi kuwasilisha uchambuzi wa picha uliodai kwamba samaki wa Spray hakuwa na urefu uliotajwa. Samaki mwenyewe, aliyekuwa amekaushwa na kuhifadhiwa, alikwisha kuteketea kwa moto, kwa hiyo hakuna wa kupimwa upya.

Baada ya Johnson na Spray alikuja Arthur Lawton, aliyetangaza pauni 69 na aunsi 15 kutoka mto St. Lawrence mwaka 1957. Alishika kilele kwa miaka 35, kisha 1992 rekodi yake ikafutwa baada ya picha kuchunguzwa. Miaka 35! Watu walizaliwa, wakajifunza kuvua, wakalinganisha samaki wao na samaki ambaye hakuwa vile.

Kwa hiyo mimi ninapoulizwa maski mkubwa kabisa anafikia wapi, huanzia kwa wale ambao ushahidi wao ni mzuri zaidi. Ken O'Brien alivua wa pauni 65 na inchi 58 katika Moon River, upande wa Georgian Bay, Ontario, Kanada, Oktoba 1988. Joe Seeberger alivua wa pauni 58, naye wa karibu urefu huohuo, katika Lake Bellaire, Michigan, Oktoba 2012. Ongezeni yule wa Mille Lacs, wa Novemba. Tazameni urefu: wote wanakaribiana mno, na tofauti kubwa iko kwenye tumbo. Tazameni pia miezi. Mwishoni mwa mwaka jike huwa amekula samaki wenye mafuta, tena amekwisha anza kubeba mayai ya majira ya kuchipua. Jike huyohuyo ukimkuta Juni ni mrefu vilevile, lakini mwepesi. Ndipo utaona kwamba pauni zinasimulia msimu kuliko zinavyomsimulia samaki.

Kwa kuwa nimetaja Hayward, niseme pia kwamba jumba hilo lina sanamu ya maski yenye urefu wa futi 143, na watu hupanda wakasimama ndani ya taya zake. Huyo ndiye samaki pekee wa mji ule ambaye sijawahi kusikia mtu akibishia kipimo chake.

Binti Mtoni

Mimi huvua mitoni, Kentucky na West Virginia, na ninamwunga mkono Mwana wa Mille Lacs. Katika kidimbwi cha mto ambacho unaweza kutupa chambo kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, maski wa inchi 42 anapogeuka, maji yote yanajua. Sijawahi kufikisha 50 na sioni kama ninavua samaki wadogo.

Ndugu Mgeni, nina swali moja: huo utepe uliuwekaje? Ulimlaza samaki juu yake, au uliupitisha juu ya samaki?

Mgeni wa Maski

Nashukuruni nyote. Dada Binti Mtoni, umenigusa penye kidonda. Niliupitisha juu ya mwili wake, kuanzia puani, ukifuata mgongo, hadi ncha ya mkia. Rafiki yangu alishika upande mmoja nami mwingine, na samaki alikuwa bado ndani ya wavu, nusu yake majini. Kuna tatizo?

Binti Mtoni

Lipo. Utepe unaofuata mibinuko ya mwili husoma zaidi ya urefu wa kweli, na kwa samaki mnene zaidi huongeza zaidi. Kipimo kinachokubalika ni mstari ulionyooka: mdomo umefungwa na umegusa kizuizi cha ubao wa kupimia, na ncha za mkia zimebanwa pamoja. Sitakwambia alikuwa na inchi ngapi, kwa sababu sikuwepo, lakini nisingeandika 44.

Kasia Kuukuu

Hapo amesema kweli. Loweka ubao kwanza ili usimbandue ute wake, mwache samaki apumzike kwenye wavu akiwa ameloa wakati mnaandaa kamera, kisha mtoe mara moja tu kwa kipimo na picha. Na joto la maji likifika nyuzi 27 za selsiasi, vua kitu kingine, hata kama unajua alipo.

Kwa Mwana wa Mille Lacs: hoja ya dume na jike ninaikubali, na ninakiri kwamba ngazi yangu inawapunja madume. Lakini wewe mwenyewe, siku utakapompata wa inchi 50 katika ziwa dogo, utatuambia "mkubwa kwa ziwa lake"? Utaandika 50 kwa herufi kubwa kama sisi wengine.

Mwana wa Mille Lacs

Nitaandika, Mzee. Na jina la ziwa sitalitaja.

Mgeni wa Maski

Nimebadilisha maelezo chini ya picha yangu. Pauni 30 nimezifuta kabisa, na badala ya 44 nimeandika "zaidi ya inchi 40, utepe ulipitishwa mgongoni". Rafiki yangu amekasirika kidogo, kwa sababu alikwisha waambia watu wa kazini kwake 46.

Ubao wa kupimia nimeununua. Jumamosi niliyopita nilirudi pale pale saa kumi na moja jioni, na mmoja akafuata chambo hadi kwenye boti, akasimama chini ya namba nane yangu kwa muda ambao ningeweza kuhesabu madoa yake, kisha akazama taratibu. Alikuwa mrefu kuliko yule wa kwanza. Kwa kiasi gani, sitathubutu kusema hapa.