Kikundi: NYUMBANI MBAGALA 🏠

*Ijumaa jioni*

Mama: Asalaam alaikum wanangu. Kesho asubuhi fundi anakuja kupanua dirisha la sebuleni. Mwenye nafasi aje anisaidie kutoa makochi.

Zuhura: Waalaikum salaam, shikamoo Mama. Kupanua kivipi?

Mama: Marahaba. Lile la mita 1.2 liwe 2.4. Joto limenichosha, feni yenyewe inapuliza moto.

Idi: Nimeshaongea naye. Laki tatu na nusu, siku mbili kamaliza. Aluminiamu na vioo hesabu nyingine.

Baba Mdogo: Idi, juu ya hilo dirisha kuna nini?

Idi: Shikamoo Ba'mdogo. Kuna lenta, ule mkanda wa zege, imezunguka nyumba nzima.

Baba Mdogo: Marahaba. Na juu ya lenta?

Idi: Bati.

Zuhura: Bati liko vyumbani wewe! Mbele pale ni slabu, si ndiko tulikokuwa tunapanda kutafuta mwezi 😂

Baba Mdogo: Na juu ya slabu kuna tangi la lita 2,000. Likijaa, maji peke yake tani 2. Slabu nayo, zege la sentimita 15, ni kilo kama 360 kila mita ya mraba. Mzigo huo unashukia kwenye hiyo lenta, ndiyo bimu ya mbele, bimu inaupeleka kwenye ukuta wa kushoto na kulia kwa dirisha. Tofali anazokuja kubomoa kesho ndiyo miguu ya hiyo bimu.

Idi: Fundi kasema ina nondo, haina shida

Baba Mdogo: Nondo ngapi? Milimita ngapi?

Idi: Hakusema

Baba Mdogo: Atasemaje na hakuijenga yeye. Mimi nilikuwepo siku ya kumwaga. Marehemu kaka alinituma nondo. Chini zimelala mbili tu za milimita 12, na zilipangwa kwa uwazi wa mita 1.2.
Ukiufanya uwazi uwe mara mbili na mzigo wa kila mita ukabaki uleule, nguvu ya kuikunja bimu haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara 4. Kubonyea katikati, mara 16. Zege linahimili kukandamizwa, kuvutwa haliwezi, na bimu inavutwa upande wa chini. Kazi hiyo yote ni ya nondo zile mbili.

Idi: Mbona jirani wa dukani alipanua na nyumba ipo?

Baba Mdogo: Yule ana mbao na bati. Wewe una tani juu ya kichwa cha mama yako.

Zuhura: Mimi tangu lile ghorofa la Kariakoo Novemba 2024 sitaki kusikia neno kubomoa.

Baba Mdogo: Lile tuliache, lilikuwa ghorofa. Tuongee ya hapa.

Idi: Tukiweka mirunda je?

Baba Mdogo: Mirunda ni ya kushikilia wakati wa kazi, na isimame ndani na nje kabla nyundo haijagusa ukuta. Bado utahitaji bimu nyingine iliyopigiwa hesabu na mhandisi aliyesajiliwa, ikalie ukuta vizuri pande zote mbili, na kibali cha manispaa. Zege hilo la siku 7 lina kama thuluthi mbili ya nguvu yake, hesabu inafanywa kwa siku 28. Hizo siku mbili za fundi wako sijui ni za zege gani.

Mama: Kwa hiyo shemeji nife na joto?

Baba Mdogo: Hapana shemeji. Upana tusiuguse, tushuke chini. Chini ya dirisha kuna kozi nne, yaani mistari minne ya tofali. Toa mbili, umepata nusu mita, na bimu haina habari. Tofali zile zimebeba dirisha tu. Ila akate pembeni kwa grenda kwanza ndipo atoe za katikati. Akianza na nyundo na tindo atatikisa ukuta unaobaki.

Zuhura: Mama, dirisha la nyuma bado limezibwa na kabati la vyombo?

Mama: Kabati nikaliweke kichwani?

Zuhura: Upepo ukiingia mbele ukakosa pa kutokea, hauingii. Hata ungeweka dirisha la mita 5.

Baba Mdogo: Hapo Zuhura kaniwahi.

*Saa 3 usiku*

Idi: Nimempigia. Kakubali kushuka chini, laki na nusu. Nimemwambia grenda, anasema ataazima. Kabati nakuja kulihamisha mimi na rafiki zangu.

Baba Mdogo: Nitakuwepo saa 2. Asianze kabla sijafika.

Mama: Sawa. Sasa yale mapazia niliyonunua Kariakoo, mapana?

Zuhura: Yakikunjana yanapendeza zaidi Mama.

Mama: Mapana sawa. Urefu sasa hayafiki 😒