Naomba ushauri: namba haikai imechaguliwa kwenye Tkinter
Wakuu habari, natengeneza kiprogramu cha duka la bimkubwa kwa Python na Tkinter (maktaba yake ya kutengeneza madirisha na visanduku), nataka nikikliki kisanduku cha bei namba yote ijichague ili nikiandika mpya ya zamani ifutike. Nimeweka select_range (amri ya kuchagua maandishi) kwenye FocusIn (tukio la kisanduku kuwa tayari kuandikwa), nikiingia kwa Tab fresh kabisa ila kwa mausi inajichagua halafu inapotea hapohapo, nahisi kliki inakuja nyuma yake na kuweka kile kimstari cha kuandikia pale nilipogusa. Nicheleweshe kwa after_idle (isubiri programu imalize kazi zilizopo kwanza) au nihamie ButtonRelease (tukio la kuachia kitufe cha mausi)?

Halafu nikiweka koma za elfu kwa kufuta na kuandika upya, kimstari kinarukia mwishoni hata kama narekebisha katikati. icursor (amri ya kupeleka kimstari kwenye nafasi fulani) naijua, shida hesabu ya nafasi koma ikiongezeka, kichwa kinauma jamani.